Mkunga si nyoka, na si kila mkunga ni mkunga

Kisumu, kwenye meza za wauza samaki, kuna kamongo: mrefu, laini, mapezi yake manne yamenyauka hadi kuwa kama nyuzi. Kigoma, wavuvi wa Ziwa Tanganyika huopoa samaki mwembamba kama mkanda, mwenye safu ya miiba mgongoni. Feri ya Dar es Salaam kuna mkunga wa miamba, ngozi yenye madoa, mdomo wazi kana kwamba anahema. Na anayetega ndoana usiku kwenye Mto Tana au Rufiji anaweza kuvuta mkunga wa mtoni, anayeteleza mkononi kama sabuni iliyolowa. Walaze hao wanne kwenye jamvi moja, kisha mwulize mpita njia nani ndugu wa nani. Atakujibu kwamba wote ni ukoo mmoja, samaki-nyoka.

Wawili tu kati yao ni mikunga. Yule wa Kigoma yuko karibu zaidi na sangara na sato kuliko alivyo na mkunga. Na kamongo ana undugu wa karibu zaidi na wewe unayesoma hapa kuliko alio nao na hao watatu waliolala pembeni yake.

Wahenga walisema undugu ni kufaana, si kufanana. Walikuwa wakizungumzia watu na misaada, lakini nusu ya pili ya methali hiyo inaingia kwenye elimu ya viumbe bila kubadilishwa neno.

Sura inayodanganya

Mwili mrefu na mwembamba ni jawabu la maisha ya aina fulani. Anayejificha kwenye ufa wa jabali, anayechimba tope, anayepenya kwenye mizizi ya mikoko, huyo hupata faida akiwa mfano wa kamba. Mapezi ya tumboni humkwaza, basi kizazi baada ya kizazi yanapungua hadi kupotea. Pingili za uti wa mgongo nazo huongezeka: binadamu anazaliwa na 33 hivi, mkunga wa mtoni ana zaidi ya 100. Samaki wa koo nyingi wameipita njia hiyo, kila ukoo kwa wakati wake, bila kuambiana.

Mfano maarufu kuliko yote ni mkunga wa umeme wa Amerika Kusini. Jina limemkaa, lakini jamaa zake wa karibu ni kambare. Hata spishi yenyewe haikuwa moja: mwaka 2019 watafiti walipolinganisha vinasaba na maumbile ya samaki wa bonde la Amazon na maeneo jirani waliigawa katika spishi tatu, mojawapo ikiwa na uwezo wa kupiga volti 860. Huyo si mkunga kwa namna yoyote ya nasaba.

Kamongo, ambaye Kiswahili kinamwita pia kambare mamba, anatoka kwenye tawi la samaki wenye mapezi ya nyama. Ndilo tawi lililozaa wanyama wote wa miguu minne: vyura, mijusi, ndege, ng'ombe, sisi. Kitabu chake cha vinasaba ni kikubwa ajabu. Jamaa yake mmoja wa Afrika, Protopterus annectens, aliposomwa mwaka 2021 alionekana kuwa na herufi za DNA takriban bilioni 40. Binadamu ana bilioni 3, na mkunga wa Ulaya ana karibu bilioni 1. Nataja tarakimu hizi kwa sababu watu wengi hudhani kiumbe chenye vinasaba vingi ndicho kilichoendelea zaidi. Sehemu kubwa ya jenomu ya kamongo ni vipande vilivyojirudia mara nyingi mno, havina uhusiano na ubora.

Jiografia peke yake ingeweza kututilia shaka kuhusu yule wa Kigoma. Mikunga wa mtoni, jenasi ya Anguilla, huzaliwa baharini na kupanda mito. Ziwa Tanganyika linatoa maji yake kwenda Mto Kongo, na Kongo humwaga Bahari ya Atlantiki upande ambao hakuna mikunga wa jenasi hiyo hata mmoja. Ziwa Victoria linatiririka kwenda Nile, mto unaowapokea mikunga wa Ulaya kule chini Misri tu. Mikunga wa mtoni wa kwetu wako kwenye mito inayoingia Bahari ya Hindi: Tana, Sabaki, Pangani, Rufiji, Ruvuma. Ukimwona samaki-nyoka ndani ya maziwa yale makubwa mawili, anza kwa kuamini kwamba si mkunga.

Jani la kioo

Kama sura ya mtu mzima inadanganya, tutashika nini? Jawabu la kwanza halikutoka maabara ya vinasaba. Lilitoka kwa mtoto.

Kwa karne nyingi hakuna aliyejua mkunga anazaliwaje. Aristotle alifundisha kwamba wanatokana na tope. Mwaka 1876 Sigmund Freud, akiwa bado mwanafunzi, alipasua mikunga wapatao 400 mjini Trieste akitafuta korodani zao. Kabla ya hapo, mwaka 1856, Mjerumani Johann Jakob Kaup alikuwa ameeleza habari za kisamaki cha ajabu: bapa, chembamba kama jani la mwembe, kinaangaza kama kioo hata ukikiweka juu ya maandishi unayasoma. Alikipa jina lake la kisayansi na kukihesabu kuwa spishi inayojitegemea. Ilipofika mwaka 1896 Waitaliano Giovanni Battista Grassi na Salvatore Calandruccio walitangaza kwamba jani lile si spishi. Ni mtoto wa mkunga. Walikuwa wamemwona akijigeuza.

Mtoto huyo anaitwa leptosefali. Baada yao Johannes Schmidt wa Denmark aliburuta nyavu Atlantiki nzima kwa miaka karibu 20, akitafuta leptosefali wadogo zaidi na zaidi, kwa hoja kwamba walipo wadogo kuliko wote ndipo walipozaliwa. Alifikia Bahari ya Sargasso, katikati ya Atlantiki ya kaskazini, na kutangaza matokeo yake mwanzoni mwa miaka ya 1920.

Kwa mtafuta nasaba, jani hili lina thamani kuliko mwili wa mkunga mzima. Mwili wa kamba unaweza kuzuka tena na tena kwa sababu unasaidia kazi moja iliyo wazi. Leptosefali ni mkusanyiko wa mambo mengi ya ajabu kwa pamoja: mwili uliojaa ute, karibu hauna chembe nyekundu za damu, meno yanayochomoza mbele, kisha kujigeuza kwa ghafla ambako mwili husinyaa badala ya kukua. Ni vigumu koo mbili tofauti kujikuta na mzigo wote huo kwa bahati. Na anapatikana wapi? Kwa mikunga wote wa kweli, wa miamba, wa mchangani, wa kina kirefu, wa mtoni. Halafu anapatikana kwa samaki ambaye hakuna mtu angemtaja kwenye orodha: tapani, yule mwenye magamba makubwa ya fedha, macho makubwa na mkia wa panda, anayeingia mpaka kwenye mikoko na midomo ya mito ya pwani yetu. Ukimtazama utasema ni binamu wa dagaa aliyenenepa. Lakini mtoto wake ni jani la kioo.

Mwaka 1966 Humphry Greenwood na wenzake watatu walipanga upya ukoo mzima wa samaki wenye mifupa, na jani hili likawa msingi wa kumweka tapani na mikunga kwenye kundi moja. Greenwood huyu aliwahi kufanya kazi Jinja, Uganda, akichunguza samaki wa Ziwa Victoria, kwa hiyo kudanganywa na sura alikujua vizuri. Wapo waliopinga, wakisema huenda leptosefali ni urithi wa kale ambao samaki wengine waliupoteza tu. Vinasaba vilipoanza kusomwa, vilimpa Greenwood haki.

Nakala na makosa yake

Hapa inafaa kusimama tueleze vinasaba vinasomwaje, maana makala nyingi husema "DNA imeonyesha" kisha zikaendelea na safari.

Fikiria utenzi wa zamani ulionakiliwa kwa mkono Lamu au Pate, kwa hati za Kiarabu. Mwandishi wa kwanza anakosea neno moja kwenye beti ya 40. Anayenakili kutoka kwake analirithi kosa hilo na kuongeza lake kwenye beti ya 112. Mwingine, aliyenakili kutoka nakala safi, hana makosa hayo mawili lakini ana lake kwenye beti ya 7. Miaka mia mbili baadaye nakala kumi zinakutanishwa mezani. Hakuna jina la mwandishi wala tarehe. Hata hivyo, kwa kufuatilia makosa yanayoshirikiwa, msomi anaweza kuchora ni nakala ipi iliyotokana na ipi. Nakala mbili zenye kosa lilelile la beti ya 40 zina babu mmoja.

Vinasaba ni maandishi ya namna hiyo, yananakiliwa kila kizazi, na kila unakili una makosa machache. Sehemu iliyosomwa mapema zaidi kwa mikunga ni kijitabu kidogo kilicho ndani ya mitokondria, vile vinu vidogo vya nishati ndani ya seli, kinachorithiwa kwa mama peke yake. Kwa mikunga kina herufi kama 16,700. Mwaka 2010 watafiti wa Japani wakiongozwa na Jun Inoue walilinganisha vijitabu kamili vya spishi 56, wakihakikisha kila familia ya mikunga ina mwakilishi wake.

Walichokipata kinanishangaza kila nikikirudia. Ukimwona mkunga wa mtoni, ungetarajia ndugu yake wa karibu awe mkunga wa pwani, wale wa miamba au wa mchangani. Sivyo. Mkunga wa miamba yuko kwenye tawi la mbali. (Huyo ana hadithi yake: mwaka 2007 ilionyeshwa kwamba ana taya la pili kooni, linalochomoza mbele kumnasa windo na kulivuta ndani.) Jamaa wa karibu wa mkunga wa mtoni ni samaki wa giza, wanaoelea katika bahari kuu mamia na hata maelfu ya mita chini ya uso: wale wenye mdomo mrefu kama wa ndege, wenye meno ya msumeno, na yule mwenye mdomo mkubwa kama mfuko anayeweza kumeza samaki wa kimo chake. Mkunga wa mtoni amechipuka katikati ya kundi hilo.

Maana yake ni kwamba mkunga huyu si samaki wa maji baridi anayekwenda baharini kuzaa. Ni samaki wa bahari kuu anayekuja bara kutafuta riziki. Bahari kuu ya nchi za joto haina chakula kingi, na mito ya nchi hizo ina minofu: kaa, konokono, wadudu, samaki wadogo. Mababu zake walisogelea pwani, wakaonja midomo ya mito, wakapanda. Lakini kwao hawakukusahau. Akishiba na kukomaa, baada ya miaka kadhaa na wakati mwingine miongo, anageuka rangi kuwa ya fedha, macho yanapanuka, tumbo linaacha kazi, na anateremka kwenda kuzaa mahali penye giza, kama walivyofanya walioishi kabla hajajua mto ni nini. Kwa muda mrefu safari ile ilionekana kama kichaa. Ukishajua nasaba yake, ni mtu anarudi kwao.

Kitabu kilichonakiliwa mara mbili

Kijitabu cha mitokondria kina udhaifu. Kinasimulia upande wa mama tu, na kwa matukio ya zamani sana herufi zake zimebadilika juu ya mabadiliko hadi alama zimefutika. Swali kubwa lilibaki: mikunga na tapani kwa pamoja, wanakaa wapi kwenye mti mkuu wa samaki?

Takriban miaka milioni 320 iliyopita, babu wa takriban samaki wote tunaowala leo alipatwa na jambo la kipekee: kitabu chake chote cha vinasaba kilinakiliwa mara mbili. Kila jeni likawa na pacha. Mapacha wengi walipotea baadaye, lakini si kwa kasi ileile kila ukoo. Mkunga ni mtunzaji mzuri. Kuna jeni zinazopanga mwili kuanzia kichwani hadi mkiani, nazo hukaa kwa mafungu. Binadamu ana mafungu 4. Samaki wengi waliopimwa wamebaki na 7. Jenomu ya mkunga wa Ulaya iliposomwa mwaka 2012, ilikutwa na mafungu yote 8.

Baada ya kunakiliwa huko, koo tatu kubwa ziligawanyika kwa haraka. Ya kwanza ni ya mikunga na tapani. Ya pili ni ya samaki wenye ulimi wa mifupa, ambao kwetu wanawakilishwa na domodomo wa Ziwa Victoria na wenzake wanaotoa umeme hafifu kutafuta njia gizani. Ya tatu ni ya waliobaki wote, kuanzia dagaa hadi jodari na sato. Nani kati ya hao watatu aliondoka kwanza? Kwa miongo kadhaa kila utafiti ulitoa jibu lake, kwa sababu mgawanyiko ulitokea kwa kasi na herufi zilikuwa zimechakaa.

Mwaka 2023 kundi lililoongozwa na watafiti wa Ufaransa liliacha kuhesabu herufi. Likatazama mpangilio wa sura. Rudi kwenye utenzi: herufi moja inaweza kukosewa vilevile na waandishi wawili wasiojuana. Lakini nakala mbili zikikutwa zimeshonwa huku sura ya tano ikiwa mbele ya sura ya pili, na mwisho wa sura ya tisa umebandikwa kwenye ya tatu, hapo bahati haina nafasi. Walipofuatilia jinsi vipande vya kromosomu vilivyohamishwa na kuunganishwa tangu kitabu kiliponakiliwa mara mbili, mikunga na domodomo walijikuta pamoja, upande mmoja, na waliobaki wote upande wa pili.

Kwa hiyo domodomo yule mwenye pua ndefu, ambaye hana hata chembe ya unyoka, yuko karibu na mkunga kuliko samaki-nyoka wa Kigoma. Hesabu kwa vidole vya mkono mmoja: mkunga, tapani, domodomo. Ndio ukoo. Nyoka wote wa bandia wako nje.

Mkunga wa Msumbiji na lile neno "kongwe"

Jenasi ya Anguilla ina spishi 16, tatu kati yake zimegawanywa kila moja nususpishi mbili, kwa hiyo vitabu vingi huhesabu 19. Ya mwisho kutambuliwa ilitoka Luzon, Ufilipino, mwaka 2009. Afrika Mashariki tuna nne: mkunga wa Msumbiji, mkunga wa mabaka, mkunga wa pezi fupi, na mkunga wa mabaka ya Kiafrika ambaye ni nususpishi ya yule wa Bara Hindi.

Watafiti walipolinganisha vijitabu kamili vya mitokondria vya jenasi nzima mwaka 2005, tawi la kwanza kuchomoza lilikuwa la mkunga wa Msumbiji, Anguilla mossambica, anayepanda mito ya Afrika Kusini hadi Kenya na mito ya Madagaska. Utafiti wa kabla yake ulikuwa umempa nafasi hiyo mkunga wa Borneo. Waliobaki wanaangukia kwenye mafungu matatu: wawili wa Atlantiki, wawili wa upande wa Australia na New Zealand, na wengi wa Bahari ya Hindi na Pasifiki.

Hapa ndipo habari huharibika zikifika magazetini. Utasoma kwamba mkunga wa Msumbiji ni "kongwe", tena ni "babu wa mikunga wote wa mtoni". Hapana. Tawi linalochomoza chini ya mti si shina. Babu yao wa pamoja alikufa zamani. Mkunga wa Msumbiji ni mjukuu wake kama wengine, ila mstari wake ulijitenga mapema na umeendelea kubadilika kwa muda uleule ambao wengine wamebadilika. Tukiwa na kaka mkubwa aliyehama kwanza kijijini, hatumwiti baba. Faida yake kwa mtafiti ni nyingine: sifa anayoshiriki na mikunga wa Japani au Ulaya ina uwezekano mkubwa kuwa ilikuwapo kwa babu yule.

Nafasi ya wale wawili wa Atlantiki nayo imezua mjadala. Wa Ulaya na wa Marekani ni pacha kwa nasaba, na jamaa zao wengine wote wako mashariki. Walifikaje? Jun Aoyama na wenzake walipendekeza kwamba jenasi ilianzia karibu na Indonesia ya leo, na leptosefali wakabebwa na mkondo kuelekea magharibi kupitia bahari ya kale ya Tethys, iliyokuwa ikitenganisha Afrika na Ulaya na Asia. Bahari ile ikaja kufungwa Rasi ya Uarabuni iliposogea na kugonga Asia, na waliokwisha kuvuka wakabaki huko. Ni hoja nzuri, ingawa tawi kongwe likiwa la magharibi mwa Bahari ya Hindi, mahali pa kuanzia panastahili kujadiliwa tena.

Kijiji kimoja cha kuolea

Sasa tushuke kutoka kwenye koo hadi ndani ya spishi moja, kwa sababu hapo ndipo mkunga amewasumbua wanajenetiki kuliko popote.

Mkunga wa Ulaya anaishi kuanzia Norway hadi Moroko na Misri. Samaki wa mito iliyo mbali hivyo kwa kawaida hutofautiana kwa vinasaba, mto kwa mto. Samoni wako hivyo, maana kila mmoja hurudi mto aliozaliwa. Lakini mikunga wote wa Ulaya huzaa Sargasso. Fikiria watu wa pwani nzima, toka Kismayu hadi Sofala, ambao kila mmoja lazima aende kisiwa kimoja kuoa, afe hukohuko, na watoto wake wapeperushwe na upepo hadi mji wowote. Mtoto wa Mmombasa na Mkilwa anatua Mogadishu. Baada ya vizazi vichache, miji hiyo haiwezi kuwa na vinasaba vyake pekee.

Hiyo ilikuwa dhana iliyokubalika, mpaka mwaka 2001 Thierry Wirth na Louis Bernatchez walipochapisha katika jarida la Nature kwamba vipimo vyao vinaonyesha tofauti ndogo inayoongezeka kadiri mito inavyoachana. Ilikuwa habari kubwa: huenda Sargasso kuna makundi yaliyojitenga. Mwaka 2005 Johan Dannewitz na wenzake wakarudia kazi hiyo kwa sampuli nyingi zaidi, zikiwamo za miaka tofauti kutoka mahali pamoja. Ile tofauti ya umbali ikayeyuka. Kilichotofautiana ni wakati. Wazazi wanaofanikiwa kuleta watoto mwaka huu si walewale wa mwaka jana, basi kila kundi la watoto linalofika pwani lina mchanganyiko wake kidogo. Ukilinganisha mto mmoja wa mwaka huu na mwingine wa miaka mitatu nyuma, utaona tofauti na kuidhania ni ya mahali. Mwaka 2011 kundi la Denmark lilipima leptosefali waliovuliwa Sargasso kwenyewe: kundi moja. Mwaka 2021 jenomu nzima zikasomwa, jibu likawa lilelile.

Napenda kisa hiki kwa sababu hakuna aliyedanganya. Waliokosea walipima sawasawa kitu ambacho hawakujua kinapimika.

Kinachofuata ni kwamba mkunga anayeishi maji yenye baridi kali ya kaskazini na yule wa maji ya chumvi ya pwani ya Mediterania hawana tofauti ya kurithi inayowafaa mahali walipo. Mwili uleule unajipanga kulingana na unapotua. Hata jinsia huamuliwa kwa kiasi kikubwa na mazingira: wakisongamana, wengi huwa madume.

Na mpaka kati ya Ulaya na Marekani? Wa Marekani huzaa Sargasso pia, majira yakikaribiana. Wanatofautiana kwa pingili, kama 107 dhidi ya 114 au 115, na leptosefali wa Marekani hugeuka mapema, yule wa Ulaya huchelewa, jambo linalomfikisha kila mmoja pwani yake. Chotara hupatikana, na karibu wote huonekana Iceland. Maelezo yaliyopendekezwa ni ya kupendeza kwa urahisi wake: chotara anageuka katikati ya muda, basi mkondo unakuwa umemfikisha katikati ya njia, na katikati ya njia kuna kisiwa.

Katika nchi za joto uchotara umekwenda mbali zaidi. Mwaka 2020 utafiti wa mikunga wa Pasifiki na Bahari ya Hindi ulionyesha kwamba hata spishi zilizotengana kwa takriban miaka milioni 10 bado zinazaana, na kule kisiwa cha Gaua, Vanuatu, chotara si wachache. Pamoja na hayo mipaka ya spishi haijavunjika. Chotara wanazaliwa, lakini kizazi baada ya kizazi damu yao haienei.

Kipande cha pezi

Haya yote yana kazi sokoni. Mkunga wa Ulaya yuko kwenye orodha ya walio katika hatari kubwa ya kutoweka tangu 2008, na biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa na mkataba wa CITES tangu 2009. Lakini vifaranga wa mikunga, wanaoitwa mikunga kioo, wanafanana mno, na ufugaji wa mikunga bado unategemea vifaranga waliovuliwa baharini. Ndiyo maana watafiti walipopima vinasaba vya mikunga wa madukani Hong Kong walimkuta mkunga wa Ulaya humo.

Kwetu shida ni ya namna nyingine: mara nyingi hatujui tumevua yupi. Aliyekomaa unaweza kumkisia. Asiye na mabaka, ambaye pezi la mgongoni linaanzia mbali mbele ya tundu la haja, yaelekea ni wa Msumbiji. Asiye na mabaka, pezi likianzia karibu juu ya tundu hilo, ni yule wa pezi fupi. Wenye mabaka ni wawili, na hao huwachanganya hata wazoefu. Mkunga kioo anayepanda Rufiji au Sabaki usiku, mrefu kama kidole, hana rangi wala baka la kumtambulisha, na juu ya Rufiji kuna bwawa mbele yake, lililoanza kujazwa mwishoni mwa 2022. Kujua ni spishi ipi inayofika hapo, na kwa wingi gani, kunahitaji kipande cha pezi kisichozidi ukucha, kilichowekwa kwenye kichupa cha spiriti, kikaandikwa jina la mto na tarehe.